Hamsini na Nane

Tisini na moja. Themanini na saba. Tisini na tatu.
Themanini na tisa ya fiziolojia, ile iliyowaliza wanaume wazima.
Halafu hamsini na nane.
Kemia ya kaboni, muhula wa baridi.
Imekaa katikati ya karatasi
kama pengo kinywani mwa bibi harusi.

Bi Kowalchuk, mshauri wetu, anavaa miwani, anavua.
"Wastani utakuvusha mlango wa kwanza, Mwanaidi.
Ila kuna vyuo vya udaktari vyenye kizingiti cha somo lenyewe:
chini ya sabini, faili halifunguliwi."
Kisha, kwa upole (Saskatoon watu hukuvunja kwa upole):
"Umewahi kufikiria ufamasia?"
Ufamasia! Kwani huko kemia imekufa?

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kope zinashikana.
Wahenga, tafadhali, leo msinisomee samaki.
Najua akioza mmoja.
Nauliza tu ni nani aliyezitia alama tengani.

Usiku Shangazi Mishi anapiga simu kutoka Tanga:
"Daktari hajambo?"
Mwaka wa tatu ananiita hivyo.
Ameshanitibisha magoti yake, presha ya jirani,
na jicho la mbuzi.
Mama, ametoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
anapunguza sauti ya televisheni
asikie nitakavyojibu.
Hajambo, nasema. Hajambo sana.

Fomu ina kisanduku:
*Eleza alama yoyote iliyo chini ya kawaida yako. Herufi elfu moja.*
Tavleen, tunayekaa naye maabara, ananishauri:
"Andika bibi yako alifariki. Msiba unawagusa."
Ni kweli, bibi alituacha Januari ileile.
Lakini mtihani ulikuwa Aprili.
Nililala vizuri. Nilikunywa uji. Nilikuwa na kalamu mbili.
Sikujua, basi.
Bibi hakunifelisha,
sitamfukua aje kunilipia deni.

Kilichonishinda ni hiki:
molekuli mbili, atomi zilezile, zimeungana vilevile,
moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo.
Hii yaweza kuwa dawa, ile ikakudhuru.
Profesa alizichora ubaoni bega kwa bega.
Mimi niliona mchoro mmoja mara mbili,
nikanakili,
nikapiga mstari chini kwa rula.

Jumamosi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee.
Mzee Friesen, kiharusi kimemchukua upande wa kulia,
anataka kutoka akaone theluji aliyoilima miaka sitini
kama vile ni shamba.
Namvika glavu. Kidole gumba kinatokea kusikostahili.
"Geuza," anasema.
Nageuza: kiganja kimekwenda mgongoni.
"Geuza tena."
Nageuza juu, nageuza chini, naipindua kuelekea mlangoni,
vidole vitano, sufi ileile, mshono uleule,
na haikubali.
Ni ya kushoto.
Itakuwa ya kushoto hata nikiizungusha mpaka Pasaka.

Nikasimama na glavu mkononi, mlango wazi,
baridi inaingia kama mgeni asiyebisha hodi,
muuguzi anapiga kelele kutoka korido,
na mimi nacheka peke yangu.
Kumbe ndiyo hii.
Miezi kumi na moja baada ya mtihani.
Karatasi ya matokeo haina safu
ya waliofika wakiwa wamechelewa.

Mzee akanitazama.
"Binti, mkono wangu unaganda."

Usiku huu nimeandika, nimefuta, nimeandika:
*Sikuelewa. Sasa naelewa.*
Kisanduku kinahesabu:
zimebaki herufi mia tisa sabini na sita.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Mama anapita na chai, anachungulia begani kwangu.
"Mbona fupi?"